Pesa Isiyouma: Kwa Nini Saio Hulipa Zaidi kwa Hiari

Kambisti, yaani mbadilisha fedha, wa Bunia hahitaji mashine ya kukagua dola. Huishika noti kwa ncha za vidole, huigeuza ielekee jua, kisha hupitisha kidole gumba ukingoni akitafuta mchaniko. Akiupata, hata uwe mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga, noti inarudi mezani kwa maneno mawili: "Haipiti hii." Ukimbembeleza ataichukua, ila kwa bei ya chini. Noti safi isiyo na doa ndiyo inayopewa bei kamili, na wapo wanaoongeza franka kadhaa ili wabadilishiwe chakavu kwa safi. Thamani iliyochapishwa juu ya noti zote mbili ni moja. Huko ilikotengenezwa, noti iliyochanika pembeni bado ni pesa halali. Lakini hapa mtu analipa zaidi apate dola ile ile yenye sura nzuri, na anaondoka ameridhika.

Jambo hili dogo ni mlango wa mabishano yasiyoisha Saio na mitaa mingine ya Bunia, mashariki mwa Kongo, kwenye vijiwe vya motari wa pikipiki, nje ya makanisa baada ya ibada, na katika vikao vya akiba. Inakuwaje mji uliojaa wakimbizi wa ndani, ambako mshahara wa kila mwezi ni bahati ya wachache, uwe na watu wanaokataa kitenge cha bei nafuu na kuchukua wax ya Uholanzi? Kwa nini mzazi aiache shule ya bure na kwenda kulipa ya binafsi? Kwa nini matanga yale samaki na nyama kuliko harusi? Wengine hujibu kwamba ni ujinga na majivuno. Wengine husema kila mtu na pesa yake. Wote wanakosea mahali pamoja: wametia kitenge, shule, maji, jeneza na bia katika kapu moja, kisha wanalihukumu kapu. Uchambuzi huu unalipakua.

Noti zilizokufa

Hofu ya kambisti haikuanza jana. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Krismasi, utawala wa Mobutu ulitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimefutwa. Muda wa kuzibadilisha ulikuwa siku chache na kiasi kiliwekewa mpaka. Aliyekuwa ameficha akiba ya miaka chini ya godoro, mbali na benki, alibaki na karatasi. Mwishoni mwa 1992 ikaja noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara wa Kinshasa waliikataa, na askari waliolipwa mshahara kwa noti hiyo wakaingia mitaani kupora Januari 1993. Oktoba mwaka huo huo ikazaliwa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na mwaka uliofuata bei zikapanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Mwaka 1998 zamu ikawa ya franka ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Ukizidisha utaona kwamba franka moja ya 1998 ilimeza zaire bilioni 300 za enzi ya Krismasi ile. Ndani ya miaka 20 kasoro, pesa ilikufa na kufufuka chini ya majina matatu.

Mkoa wa Ituri, ambao makao yake ni Bunia, uliongezewa lake. Vita vilivyoanza 1999 vilifika kileleni Bunia Mei 2003, mji ulipoporwa nyumba kwa nyumba kabla ya kikosi cha Umoja wa Ulaya, operesheni Artemis, kutua Juni. Mwishoni mwa 2017 mauaji katika eneo la Djugu yakaanza tena kuwasukuma watu kuelekea mjini, na tangu Mei 2021 mkoa unaongozwa na wanajeshi. Weka historia hizi mbili pamoja, ya noti na ya bunduki, utaona chaguo la mtu anayetaka kuweka akiba lilivyo finyu. Pesa taslimu iliwahi kufutwa kwa tangazo tu. Vyombo vya nyumbani viliporwa. Ng'ombe walifukuzwa na wenye silaha. Aliyepitia hayo, au aliyelelewa na waliopitia, hawezi kuhesabu kama mtu wa Nairobi anayesubiri riba mwisho wa mwaka.

Hata hivyo tusiifanye historia kuwa cheti cha msamaha. Inaeleza kwa nini Wanabunia wana haraka ya kugeuza pesa kuwa kitu. Haielezi kwa nini iwe kitu hiki na kisiwe kile.

Wanaosema ni majivuno

Hoja ya kwanza ni ya zamani na ina wasomi wake. Mwaka 1899 Thorstein Veblen, mchumi wa Marekani, aliandika kwamba watu hununua vya gharama ili waonekane wakinunua. Saio haihitaji kumsoma Veblen ili imwelewe. Mezani pa bia, chupa tupu haziondolewi: mhudumu atazihesabu mwisho, na majirani wameshazihesabu. Simu mpya huwekwa juu ya meza, kioo juu. Jezi na viatu vya mtaa vina lugha yao ambayo vijana wa sape, wapenzi wa mavazi ya kifahari, waliifikisha mbali.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inatabiri vizuri mahali ziada isipolipwa. Watu hawaongezi pesa kwa ajili ya waya bora ndani ya ukuta au misumari mizuri chini ya mabati, vitu visivyoonekana, hata pale vinapookoa nyumba. Udhaifu wake ni noti ya kambisti. Dola safi inakunjwa na kuzikwa mfukoni au ndani ya kitenge, na hakuna anayeiona. Na samaki wa ziwa, tutakayemfikia, huliwa nyuma ya mlango uliofungwa. Kama kila ziada ingekuwa ya macho ya watu, hizi mbili zisingekuwepo.

Kuna kasoro nyingine katika hoja hii, nayo ni ya upande mmoja. Tajiri akijenga ghorofa huitwa mwekezaji; maskini akinunua redio huitwa mbadhirifu. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliokuja kupata Nobeli ya uchumi 2019, walichapisha 2007 utafiti juu ya maisha ya watu maskini sana katika nchi 13. Huko Udaipur, India, waliona kwamba kaya ya kati ilitumia karibu asilimia 10 ya bajeti ya mwaka kwa sherehe, ilhali chakula hakikutosha. Somo lao halikuwa kwamba maskini ni wapumbavu. Walionyesha kwamba mtu mwenye shida naye anayachagua maisha yake, na kwamba tumbo halimalizi mahitaji yote.

Wanaosema rahisi ni ghali

Hoja ya pili ndiyo inayotajwa zaidi sokoni, na ndiyo yenye mambo mengi ndani. Inasema: nalipa zaidi leo ili nisilipe mara mbili kesho.

Chukua kitenge. Pisi moja ni yadi 6, zinazokatwa vipande vitatu vya yadi mbili mbili: kimoja cha sketi, kimoja cha libaya, cha tatu cha kujifunga au kubebea mtoto. Juu kabisa pana wax ya Uholanzi ya Vlisco, kampuni ya mji wa Helmond iliyoanza 1846 na kuingia katika biashara ya kuiga batiki za Java kwa mashine. Java yenyewe haikuzipenda sana. Afrika ndiyo iliyozipokea na kuzipa majina. Chini ya wax hiyo zilikuwepo nguo za nyumbani, za Utexafrica ya Kinshasa na za Sotexki ya Kisangani, mji uliokuwa makao ya Mkoa wa Mashariki hadi Ituri ilipopewa mkoa wake 2015. Viwanda hivyo vilififia, na nafasi yao ikajazwa na vitenge vya China, ambavyo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya Helmond.

Muuzaji akikunjua pisi, mnunuzi mzoefu haanzi na maua. Anaanza na pindo, mahali palipoandikwa jina la kiwanda. Kisha anageuza upande wa ndani, maana wax halisi ina rangi nzito pande zote mbili. Kisha anaisogeza karibu na macho kutafuta mishipa myembamba kama nyufa za chungu, iliyoachwa na nta iliyopasuka kabla ya rangi kupenya. Nyufa hizo hazipangwi na mtu, kwa hiyo katika nguo halisi hazijirudii. Wanaoiga wamejifunza yote haya. Pindo wanalinakili herufi kwa herufi, upande wa pili wanaukoleza, na nyufa wanazichapisha, ila zao hurudi zile zile kila baada ya hatua fulani. Hapo ndipo mama mwenye jicho anapomkamata mwizi, bila kusema neno, kwa kuirudisha pisi mezani.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu wax nzuri haichuji kwa kufuliwa, hurithiwa, na inapobidi huuzwa. Muhimu zaidi kwa Ituri, hubebeka. Nyumba haikimbii, shamba halikimbii. Furushi la vitenge linakaa kichwani. Anayesema mwanamke huyu ametupa pesa angetaka aiweke wapi, katika zaire?

Hoja hii basi ina mizizi. Lakini ina tundu kubwa, na tundu hilo ni ujanja wa soko lenyewe. Ziada inanunua ubora pale tu ubora unapoweza kuthibitishwa. Mchumi George Akerlof alieleza mwaka 1970, kwa mfano wa magari yaliyotumika, kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibovu hatakubali kulipia kizuri, na wauzaji wa vizuri wataondoka sokoni. Paneli za jua zimefika karibu na hapo. Umeme wa bwawa la Budana, uliojengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, haukuwahi kutosheleza mji, na kaya nyingi zimejinunulia jua. Paneli mbili zimesimama dukani, zote zimeandikwa wati 100, moja ghali na nyingine nafuu. Mnunuzi anachukua ya ghali akiamini bei ni ushahidi. Bei si ushahidi wa kitu chochote zaidi ya ujasiri wa muuzaji. Kipimo cha umeme juani kingemwambia zaidi, lakini maduka machache humruhusu mteja kupima. Mwaka 2007 Benki ya Dunia na tawi lake la IFC zilianzisha Lighting Africa ili vifaa vidogo vya jua vipimwe na vipewe alama ya ubora. Mpango mzuri, ila alama isiyojulikana na mnunuzi hufanya kazi ya pambo tu kwenye boksi.

Kitenge na paneli vinatofautiana hapa. Kwa kitenge, ujuzi wa kukagua umo mikononi mwa wanunuzi wenyewe, umepita kwa mama na shangazi vizazi vingi. Kwa paneli, ujuzi huo haujazaliwa mtaani. Ziada ile ile, kwa mkono ule ule, ni akili katika duka moja na kamari katika duka la pili.

Na kuna swali la pili ambalo wapenzi wa methali ya rahisi ni ghali hulikwepa: nani ana pesa yote kwa mara moja? Anayenunua sabuni kwa kipande na mafuta kwa kifuniko cha chupa anajua fika kwamba analipa zaidi kwa jumla. Hana njia. Ndiyo maana likelemba, yaani kuchangiana kwa zamu, na vikundi vya akiba na mikopo vya AVEC vina nguvu Ituri kuliko benki. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti; wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko hugawana. Pisi ya wax au paneli ya maana mara nyingi hutoka kwenye mgao huo. Wakosoaji huona matumizi ya siku moja. Hawajaona wiki 50 za kujinyima zilizotangulia.

Wanaosema ni kununua watu

Hoja ya tatu inahusu matanga, mahari, ubatizo, na mgeni anayefika bila taarifa. Hapa ziada hailipii kitu. Inalipia uhusiano.

Ushahidi wa kwamba pesa ya namna hii haiumi upo, na umetoka jirani. Mwaka 2013 Lara Aknin, Elizabeth Dunn na wenzao walichapisha utafiti uliowahusisha watu wa Kanada na wa Uganda. Waliombwa kukumbuka pesa waliyoitumia kwa nafsi zao au kwa wengine, na katika nchi zote mbili waliokumbuka pesa waliyotumia kwa wengine walikuwa na furaha zaidi. Pengo la utajiri kati ya Kanada na Uganda halikuufuta mwelekeo huo.

Bunia haina haja ya kuulizwa. Mji ulipopokea maelfu ya waliokimbia Djugu na Irumu, si wote walioishia kambini. Wengi walipokelewa na familia, na familia hazikuchaguliwa kwa kura: zilikuwa za watu waliowahi kuzikana, kuozana na kuchangiana. Kwenye matanga kuna daftari. Mtu mmoja hukaa pembeni ya turubai na kalamu, anaandika jina na kiasi, hata kama ni franka chache au bidoni moja ya maji. Mwenye msiba hulihifadhi daftari hilo miaka mingi, kwani ni orodha ya anaowiwa. Kwa lugha ya mhasibu, hiyo ni bima. Haina ofisi wala makato ya usimamizi, na imedumu kuliko zaire.

Lakini bima hii ina gharama zisizoandikwa daftarini. Ya kwanza ni mashindano. Jirani akileta viti 200, mwenzake hawezi kuleta 50, na jeneza la kawaida linageuka aibu. Ya pili ni swali la nani ameamua na nani atalipa. Wajomba hupanga ukubwa wa matanga, kisha wanarudi makwao. Mjane ndiye anayebaki na deni la mchele, la turubai na la sanduku. Furaha ya ziada hapo ni ya wale walioipanga. Ya tatu ni kwamba mwenye kipato kidogo hulipa sehemu kubwa zaidi ya alichonacho ili asiondolewe katika duara, na akikosa misiba miwili mitatu jina lake linaanza kusahauliwa. Mahari nayo, ambayo Sheria ya Familia ya 1987 iliitambua kuwa sehemu ya ndoa, imebeba mzigo huo huo: super-wax za mama mkwe zinazidi kuongezeka kwenye orodha, na kijana anaanza ndoa na madeni.

Ziada ya kukimbia

Hadi hapa tumesikia hoja tatu, na kila moja inasema kweli kwa kiasi chake. Kinachozivuruga zote ni kundi la nne la matumizi, ambalo watu hulitaja kwa tabasamu lile lile ingawa asili yake ni nyingine kabisa.

Bidoni ya lita 20 inayoletwa hadi mlangoni ni mfano wa kwanza. Chemchemi ipo bondeni, bomba la Regideso, shirika la maji la serikali, lipo kwa baadhi ya mitaa na kwa baadhi ya siku. Mama mwenye kipato kidogo humlipa kijana mwenye baiskeli, na wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba, chemchemi zinapopungua na foleni kurefuka, humlipa zaidi bila kunung'unika. Anafurahi kweli: amenunua saa mbili za maisha yake na usalama wa binti ambaye angetumwa bondeni alfajiri.

Shule ni mfano wa pili. Katiba ya 2006 iliahidi elimu ya msingi bila malipo, na Septemba 2019 serikali ya Félix Tshisekedi ilianza kuitekeleza. Watoto wengi walirudi darasani, jambo kubwa lisilopaswa kudharauliwa. Madarasa yakajaa kuliko madawati, na walimu kadhaa wakabaki bila mshahara wa serikali. Wazazi wenye uwezo kidogo wakawahamishia watoto shule za binafsi. Ukimsikiliza mzazi huyo akisema "nimelipa, roho imetulia", utadhani unamsikia mnunuzi wa wax. Motari wa kuaminika ni mfano wa tatu: giza likiingia, watu humwita kijana wanayemjua kwa jina na kumpa zaidi ya nauli, badala ya kupanda na wa kwanza aliyesimama.

Linganisha na ziada ambayo nchi nzima iliichukia. Septemba 2020 serikali ilianza kutoza RAM, ada ya kuandikisha simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na 4G, ikikatwa kwenye yuniti za mteja. Watu wale wale waliokuwa tayari kuongeza pesa ili wapate simu ya laini mbili walipiga kelele hadi ada ikaondolewa 2022. Kiasi hakikuwa tofauti kubwa. Waliuliza wanapata nini, na jibu halikuonekana kwenye simu wala barabarani. Kelele hizo ziliwakanusha wanaodai kwamba Mkongo hulipa tu bila kufikiri.

Kipimo

Tukitaka kuzitenganisha ziada hizi, swali moja linafaa kuliko yote: kitu cha kawaida kikiwa kizuri, mtu huyu ataendelea kulipa zaidi?

Maji: la. Bomba likitiririka kila siku Saio, biashara ya bidoni itakufa ndani ya mwezi, na hakuna atakayeililia isipokuwa kijana wa baiskeli. Motari wa usiku: mji ukilala salama, nauli itarudi kuwa nauli. Shule: wengi wangerudi, si wote, maana kuna wazazi wanaonunua pia Kifaransa cha mapema na sare nzuri. Hizi ni ziada za kukimbia. Tabasamu la mlipaji ni la mtu aliyeponea chupuchupu.

Kitenge: ndiyo. Hata Sotexki ikifufuka na kutoa nguo imara, wapo watakaotaka ua fulani la Helmond kwa sababu mama yao alilivaa. Zawadi kwa mgeni: ndiyo, na pengine zaidi. Hizi ni ziada za kupenda, na hazihitaji mahubiri. Matanga yako katikati. Sehemu ya daftari ni bima, na ingepungua kama bima nyingine ingekuwepo. Sehemu ya heshima kwa marehemu ingebaki.

Kipimo hiki kina mapungufu. Mtu mwenyewe huwa hajui analipa kwa sababu ipi, na mazoea ya kukimbia yakidumu miaka 20 hugeuka mapenzi. Tena hakigusi suala la mjane na wajomba: ziada inaweza kuwa ya kupenda kwa anayeamua na adhabu kwa anayelipa. Kwa hiyo baada ya swali la kwanza ni lazima lifuate la pili, la mfuko wa nani. Lakini kinasaidia kupeleka lawama mahali pake. Mchungaji anayekemea anasa Jumapili anaweza kusema na wajomba wa matanga; hapo ana neno. Akiwakemea wanaonunua maji na shule, anawakemea walioachiwa mzigo na wengine. Nao wanaotetea kila matumizi kwa jina la uhuru wasisahau kwamba pesa ya bidoni, ya ada na ya motari, ikijumlishwa mwaka mzima, ndiyo ambayo ingenunua mabati.

Samaki wa asubuhi

Amebaki samaki. Tilapia na kapiteni, ambaye Watanzania humwita sangara, wanatoka Ziwa Albert, Tchomia na Kasenyi, takriban mita 600 chini ya Bunia. Wanapanda kwa barabara ya Bogoro juu ya pikipiki na magari, wakipita vizuizi ambavyo kila kimoja kina mkono wake, bila barafu ya kutosha. Aliyekaushwa na aliyetiwa chumvi ni nafuu, anadumu, na mchuzi wake na bugali hauna mpinzani siku za shida. Aliye mbichi ni ghali na ana saa chache.

Mnunuzi hainami kumnusa. Anainua shavu la samaki kwa kidole kimoja na kuangalia matamvua: mekundu kama damu, anaongea bei, yakiwa ya kahawia, anapita. Kisha jicho, lazima liwe angavu na limetokeza. Muuzaji naye hakasiriki kwa kukaguliwa, humfungulia shavu la pili. Kwa kitu hiki kimoja, ubora umeandikwa mwilini mwa bidhaa, hakuna pindo la kunakili wala wati za kubandika. Ziada yake hailipwi kwa hofu, maana mkavu yupo pembeni na ni mzuri. Hailipwi kwa macho ya watu, kwani mfuko ni mweusi na mlango utafungwa. Haiachi deni kwa mjane. Sehemu yake inayouma ni ile inayobaki kwenye vizuizi vya Bogoro, na hiyo si mnunuzi aliyeichagua.

Kwa kipimo hicho hicho, ziada mbaya kuliko zote zilizotajwa hapa ni ya noti safi ya kambisti. Haina utamu, haimfurahishi ndugu, haidumu kuliko noti chakavu, na ingetoweka siku ambayo kila duka lingepokea dola iliyochanika. Inalipwa kila siku, kwa utulivu, na watu makini kabisa, kwa sababu ya Krismasi moja ya 1979 na yaliyofuata. Samaki wa asubuhi naye, kufika saa nne huwa ameisha.